Hakimu Alivyomwonea Wivu Jenerali wa Kwenye Runinga

"Nimetoka vitani sina nyara wala farasi," Jenerali alisema kwenye runinga, akipiga goti kando ya kisima. "Nimekuja na swali tu. Je, bado nina nafasi kwako?"

Binti mfalme akainua uso. Picha ikamsogelea hadi kope. Ikasikika pumzi moja ndefu, pumzi ya mtu anayetua mzigo wa kuni baada ya mlima, kisha sauti laini ikasema:

"Nafasi yako haikukaliwa na mtu."

Mashine ya kunyolea ikasimama katikati ya kichwa cha fundi rangi.

"Oya, Hakimu! Huku kushoto bado kuna msitu!"

"Tulia."

"Nitulieje na kichwa nusu? Au mikono imelegea kwa sababu shemeji kampokea Jenerali?"

Benchi zima likaangua kicheko. Dereva wa teksi, aliyekuja kunyoa ndevu na kubaki kutazama, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonja kitu.

"Ile pumzi, jamani. Ile haifundishwi. Mtu huja nayo kutoka kwake."

"Kutoka kwake wapi? Kwa Hakimu au kwa Jenerali?"

"Muulize Hakimu. Si ndiye ana maoni?"

Hakimu hakuwa na maoni. Alikuwa na donge kooni, na donge lile lilikuwa na magwanda ya kijeshi.

Sauti ya binti mfalme, wewe unayesoma, ilikuwa ya mchumba wake. Tamthilia yenyewe ilitoka nchi za mbali, na kituo cha runinga kilitafuta watu wa kuingiza sauti za Kiswahili juu ya midomo ya wageni. Mchumba wake, ambaye tangu shule aliitwa Kinanda kwa sababu ya koo lake, ndiye aliyemsemea binti mfalme. Mwanzoni Hakimu alitamba hadi akachosha wateja. "Huyo mnayemsikia," alikuwa akisema, "ndiye atakayekuwa ananiuliza nimeshindaje." Lakini mwanzoni binti mfalme alikuwa analia tu na kufukuzwa kasri. Siku Jenerali alipotokea, na sauti nzito kama lori la mchanga linalopanda kilima bila haraka, amani ya kinyozi ikaondoka.

Na huyu si mtu ambaye hutazama kitu akakiacha kipite. Aliitwa Hakimu kwa sababu kila Ijumaa aliandika mtandaoni "Hukumu ya Wiki", na watu wengi kuliko ambao angeweza kuwanyoa maisha yake yote waliingoja. Alitetea katuni moja ya Kijapani, ya mpiga upanga mwenye mkono mmoja anayekataa kuua, hadi akagombana na binamu yake. Filamu yoyote ambamo pacha aliyekufa anarudi aliipa sifuri. Wapenzi wakipatana kwenye mvua, alizima. "Mtu mwenye akili akinyeshewa anaingia ndani," aliandika, "hasemi nakupenda." Upelelezi aliupenda, mradi mpelelezi awe anakula; mpelelezi asiyekula, alisema, hana uchungu na uhai wa wenzake.

Basi alimaliza kichwa cha fundi rangi kwa kuparuaparua, akatoka nje ya saluni, akapiga simu.

"Halo, mpenzi!" Kinanda alipokea akiwa na furaha. "Umeona ya leo? Niambie, nimefanyaje?"

"Umefanya vizuri. Vizuri kupita kiasi."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Huyo Jenerali ni nani?"

"Jenerali? Mkataba hauturuhusu kutaja—"

"Ana mke?"

"Mimi nitajuaje? Hebu sikiliza, kule studio sisi huwa—"

"Usinieleze ya studio. Nimetazama filamu tangu sijaota ndevu. Najua maigizo, na najua yasiyo maigizo. Pumzi ile si ya maigizo."

"Kwa hiyo umeshahukumu," Kinanda akasema.

"Nimesikia kwa masikio yangu."

"Basi kama umesikia, huna haja ya kuambiwa. Siku njema."

Simu ikakatwa. Mwenye busara angenunua maji baridi, akanywa, akapiga tena. Hakimu alisubiri Ijumaa.

*

Alichoandika Ijumaa hiki hapa, neno kwa neno:

"HUKUMU YA WIKI. Tamthilia ya Jenerali. Picha nzuri, mavazi mazuri, farasi wamefunzwa vizuri kuliko baadhi ya waigizaji. Lakini leo nahukumu sauti. Wanaomsemea Jenerali na binti mfalme hawaigizi. Hao wawili ni wapenzi, na sikio langu halijawahi kunidanganya. Mwenye mchumba huko ajiangalie."

Ulimi hauna mfupa, na kidole kinachoandika simu nacho hakina breki. Maoni yale yalisambazwa kuliko yote aliyowahi kuandika. "Mimi nilijua!" mmoja alijibu. "Waoane tu, tumechoka kungoja." "Hakimu, we mkali." Mwingine akauliza: "Sasa huyo mwenye mchumba si wewe?" Watu mia wakaweka vicheko chini yake.

Kabla ya chakula cha mchana ujumbe ukaingia.

Kinanda: "Mwenye mchumba huko ni nani?"

Hakimu: "Nimetoa maoni ya mtazamaji."

Kinanda: "Kaka yangu kasomewa maoni yako kazini, kwa sauti, watu wakishangilia. Mama kaulizwa sokoni binti yake anaolewa na wewe au na Jenerali. Kaacha nyanya kwenye mzani akarudi nyumbani."

Hakimu: "Kama hakuna kitu, kwa nini mnaumia?"

Aliutuma, kisha akausoma. Akatamani kuuvuta kwa kamba. Tiki mbili zilikuwa zimeshageuka bluu.

Kinanda: "Jumamosi ijayo wazazi wako wasije. Posa imesimama."

Akapiga. Haikupokelewa. Akapiga kwa mama mkwe mtarajiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama alivuta pumzi. "Mimi sina ugomvi na wewe. Lakini binti yangu ukimtaka, usimtake kwa kumwanika. Nguo huanikwa ikishafuliwa. Yeye ulimkuta na doa gani?"

"Mama, mimi niliona tu—"

"Haya, uliona. Kaa na macho yako, baba." Akakata, taratibu, kwa adabu zote, na ile adabu ikamchoma kuliko tusi.

Na hapo ungedhani wivu umetoka. Wapi! Wivu ulikaa, ukajinyoosha. Hakimu alilala akisikia sauti ya lori la mchanga ikimwambia mchumba wake kuwa sasa yuko huru.

*

Wiki iliyofuata, saluni ikiwa imejaa, mwavuli uligonga mlango wa kioo. Nyuma ya mwavuli alikuwa bibi mmoja mfupi, amejifunga kitambaa kichwani barabara, macho yanawaka.

"Nani hapa anaitwa Hakimu?"

Fundi rangi, aliyerudi kurekebishiwa kichwa, akamnyooshea kidole bila huruma.

"Shikamoo bibi," Hakimu akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye mwandishi wa maneno ya Jenerali?"

"Ni mimi."

"Mjukuu wangu kanisomea. Nikamwambia asome tena. Sasa nataka unipe jina la huyo msichana."

"Msichana yupi, bibi?"

"Huyo anayehema!" Mwavuli ukapiga sakafu. "Anayemhemea mume wangu!"

Dereva wa teksi akapunguza sauti ya runinga.

"Mume wako... ndiye Jenerali?"

"Alikuwa mtangazaji wa mpira redioni, akastaafu. Akakaa nyumbani mwaka mzima amenyamaza kama kabati. Kapata hii kazi ya tamthilia, basi! Anachana ndevu. Anapaka viatu rangi. Nilimuuliza unakwenda kuonekana na nani huko, kama kazi ni ya sauti? Akacheka."

"Bibi, samahani, mzee ana umri gani?"

"Umri unahusu nini? Ng'ombe hazeeki maini, mjukuu wangu."

Dereva wa teksi aliinamia magoti yake, mabega yakitikisika. Fundi rangi alijifuta machozi kwa taulo la kunyolea. Hakimu peke yake hakucheka. Alikuwa anajaribu kumwondolea Jenerali kifua kipana na kumvika mvi, na kifua kilikataa kutoka.

"Bibi," akasema kwa sauti ya chini, "huyo msichana ni mchumba wangu."

Bibi alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Pole."

"Pole na wewe."

"Mlinzi wa pale studio ananijua, mara kwa mara nampelekea mzee chakula chake getini. Sijawahi kuvuka geti. Leo nitavuka." Akaushika mwavuli vizuri. "Funga duka, twende."

"Na kichwa changu?" fundi rangi akauliza.

Hakuna aliyemjibu.

*

Studio ilikuwa chumba nyuma ya nyumba ya kawaida, kuta zimevikwa magodoro na mablanketi ili sauti za barabarani zisiingie. Fundi mitambo, mwanamke mnene mwenye visikizio shingoni na karanga mkononi, aliweka kidole mdomoni kabla hawajafungua vinywa.

"Tunarekodi. Mkikohoa, mnalipa."

Ng'ambo ya kioo alisimama Kinanda. Peke yake. Mbele yake kipaza sauti, skrini ndogo, na kiti kitupu chenye sweta lake. Kwenye skrini Jenerali alikuwa amefungwa bandeji kifuani.

"Yuko wapi?" bibi akanong'ona, akiinama kutazama chini ya meza.

"Nani?"

"Mume wangu!"

"Mzee? Mzee huja Jumanne asubuhi, anasema maneno yake, anapewa soda, anaondoka. Huyu dada huja Alhamisi. Hawajawahi kuonana hata kwenye ngazi."

Hakimu akasogea karibu na kioo.

"Hawajawahi?"

"Waonane wafanye nini? Kila mtu anarekodi peke yake, mimi nawaunganisha. Msemaji wa mfalme yuko mji mwingine kabisa, ananitumia kwa simu."

"Sasa Kinanda anapojibu, anamjibu nani?"

"Mimi." Akatupia karanga mdomoni, akabonyeza kitufe, akasoma kwenye karatasi kama mtu anayesoma bei za saruji: "Malkia-wa-moyo-wangu-jeraha-hili-halina-maumivu-kama-kutokukuona. Haya mama, sema."

Na ng'ambo ya kioo Kinanda akafumba macho, akavuta pumzi ile, ile ile, akasema: "Basi nitazame hadi upone."

"Safi. Tunarudia, nimetafuna juu ya neno lako."

Bibi alianza kucheka bila sauti. Alicheka hadi akakalia ndoo iliyogeuzwa, mwavuli ukamponyoka. "Na mimi nimemnyima mzee chai," akasema akijipangusa macho. "Wiki nzima! Masikini wa watu, anapaka viatu rangi aje kunywa soda."

Kwa bibi, mlango ulifunguka na hewa ikaingia. Kwa Hakimu ulijifunga. Angefurahi, sivyo? Mwizi hakuwepo. Lakini wivu uliponyang'anywa mtu wa kumshika, uligeuka ukamshika mwenyewe. Kama Kinanda anaweza kumpa sauti ile mwanamke anayetafuna karanga, basi anayo. Anayo siku zote. Mbona yeye, mchumba, hajawahi kupewa hata kijiko?

Kinanda akatoka, visikizio mkononi. Akamwona. Uso wake ukafungwa kama duka.

"Umekuja kuhakiki?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani nini? Sema mbele ya watu, si ndiyo desturi yako?"

"Nilidhani mko pamoja. Sikujua kwamba mnarekodi mbalimbali."

"Nilianza kukueleza siku ile ile. Ukaniambia nisikueleze ya studio."

Hakimu angeomba msamaha hapo na kuondoka salama, lakini lile donge lilikuwa bado.

"Kwa sauti ile hujawahi kuzungumza na mimi," akasema. "Hata mara moja. Nikikwambia jambo unajibu 'sawa'. 'Poa'. 'Haya'. Na Jenerali anapata 'nitazame hadi upone'."

Fundi mitambo aliacha kutafuna.

"Unataka nikujibu kama binti mfalme?" Kinanda akauliza polepole.

"Nataka kujua kwa nini yeye."

"Kwa sababu Jenerali ameuliza! 'Je, bado nina nafasi kwako?' Hilo swali, Hakimu, mtu ukiulizwa unavuta pumzi bila kufundishwa. Wewe umewahi kuniuliza nini?"

"Nakuuliza kila siku. Uko wapi, uko na nani—"

"Ya polisi hayo, siyahesabu. Tukienda kutazama filamu, unachagua wewe. Ikiisha, unaniambia ilikuwaje, kana kwamba mimi nilikuwa nimelala. Nilikupigia simu, hapana, ulinipigia, nikakuuliza nimefanyaje kazi yangu, ukanijibu kwa kesi. Hata posa! Uliniambia 'wazazi watakuja Jumamosi' kama mtu wa idara anayetangaza maji yatakatika. Nikasema sawa. Ulitaka nijibu nini? Ahsante kwa taarifa?"

"Hapo mjukuu wangu umepigwa," bibi akasema kutoka kwenye ndoo.

"Unajua mimi napenda kutazama nini?" Kinanda akaendelea.

"Ile ya mpiga upanga. Tumeitazama yote pamoja."

"Uliitazama. Mimi nilisinzia kuanzia alipokatwa mkono."

"Mkono anakatwa mwanzoni kabisa!"

"Ndiyo maana yake."

Kwa mara ya kwanza tangu anunue runinga, Hakimu alitafuta maoni ndani yake akakuta chumba kitupu.

"Unapenda kutazama nini?" akauliza.

Kinanda alimtazama kwa shaka, kama mtu anayepima noti mpya kwenye mwanga.

"Kuna kipindi cha mafundi wanaokarabati samani zilizochakaa," akasema. "Hawaongei karibu muda wote. Mtu anapiga kiti msasa. Anapaka gundi, anafunga kamba, anangoja. Mimi nashinda nasema maneno ya watu wengine, nikirudi nyumbani nataka kuona mtu aliyenyamaza anatengeneza kitu."

Maoni yalimjia Hakimu mbio. Kipindi cha kiti! Nusu saa ya gundi! Yalifika hadi kwenye meno. Akayameza, na yalipita kwa shida.

"Kwa nini viti?"

"Kwa sababu mtu alikuwa anataka kukitupa."

Akaelewa, ama alianza kuelewa. Tusimpe alama nyingi.

"Nifute niliyoandika?"

"Ukifuta watasema umetishwa. Andika jingine. Na Jumamosi wazazi wasije." Akachukua sweta lake kitini. "Ukitaka, njoo wewe. Mchana. Kuja kukaa tu."

*

Aliandika siku hiyo hiyo, hakungoja Ijumaa:

"HUKUMU IMETENGULIWA. Nilisema wasemaji wa Jenerali na binti mfalme ni wapenzi. Ni uongo. Hawajawahi hata kusalimiana. Jenerali ni mume wa watu na mkewe anampenda kwa mwavuli. Binti mfalme ni mchumba wangu, nilimwonea wivu nikauita uhakiki. Sikio langu lilisikia sawasawa: ile kazi ni nzuri hadi inauma. Aliyekosea ni mimi. Namwomba radhi yeye, mama yake na kaka yake. Wenye kucheka chekeni, nimejitakia."

Walicheka, tena vizuri. Fundi rangi aliandika: "Na mimi je? Kichwa changu hakiombwi radhi?"

Jumamosi Hakimu alikaa kwenye kochi la akina Kinanda, magoti pamoja kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Mama alimwitikia salamu kwa ufupi akaingia jikoni, lakini mlango hakuufunga. Kwenye runinga fundi mmoja mzee alikuwa anang'oa misumari kwenye meza ya kale. Akang'oa mmoja. Akauweka kando. Akang'oa mwingine.

Hakimu alitazama misumari yote. Yeye aliyeshindwa kuvumilia mapacha na mvua, alivumilia msasa wa kwanza, msasa wa pili, na rangi iliyopakwa kuelekea upande mmoja tu. Katikati ya gundi akageuka.

"Kwa nini anafunga kamba wakati gundi ameshaipaka?"

Kinanda alimweleza. Alieleza kwa mikono, akapandisha miguu kwenye kochi, akamweleza na ya meza ya wiki iliyopita, na ya kabati ambalo fundi alilia alipolimaliza. Hakimu hakutia neno. Aligundua kuwa mchumba wake akiongea jambo analolipenda hukimbia, hujikwaa kwenye maneno, na sauti yake hupanda juu na kukwaruza. Haikufanana na ya binti mfalme hata kidogo. Ilikuwa mbele ya pua yake siku zote, naye alikuwa akisubiri imalize ili aseme yeye.

"Nina swali jingine," akasema alipotulia.

"La meza?"

"Hapana. Utakubali wazazi wangu waje?"

Jikoni sufuria zikanyamaza.

Kinanda akamgeukia vizuri. "Na nikisema hapana?"

"Nitakuuliza kwa nini. Halafu nitakaa nisikilize."

"Hutaniandika mtandaoni?"

"Sitakuandika."

Kinanda akakuna kisigino, akatazama meza, akamtazama tena, na akajibu kwa sauti ya mtu ambaye ameongea sana na koo limemkauka.

"Waje basi."

"Waje wakiwa wameshiba!" mama akapaza sauti kutoka jikoni. "Mimi bado nina hasira, sipiki vingi!"